Homa Ikizidi, Dawa Ikiisha: 'If' na 'When' Mbele ya '-ki-'

Kadi yenyewe ilikuwa nusu karatasi, imepigwa muhuri wa zahanati moja ya huku kwetu Kisauni, Mombasa, na ilikuwa na sentensi mbili tu za maana. Upande wa Kiswahili iliandikwa: "Homa ikizidi, mrudishe mtoto. Dawa ikiisha, mrudishe mtoto." Upande wa pili mtu alikuwa ameifasiri kwa Kiingereza, na sentensi zote mbili alizianza na "when": "When the fever gets worse, bring the child back. When the medicine is finished, bring the child back."

Aliyepewa kadi hiyo ni wifi yake jirani yetu, mgeni kutoka Kampala, ambaye Kiswahili chake hakijavuka salamu. Magharibi alikuja barazani kwetu, mtoto amemlaza begani, akaniuliza kwa sauti ya chini: wamejuaje kwamba homa itazidi?

Hakuna aliyejua lolote. Zahanati ilitaka kumpa tahadhari, lakini ile "when" ilimfikia kama utabiri. Kwa Kiingereza alichokisoma, homa ya mwanawe ilikuwa lazima ipande, kilichobaki ni kungoja saa. Nilimweleza, akatulia kidogo, ila usiku ule najua hakulala.

Kesho yake niliipeleka kadi zahanati. Muuguzi wa zamu alinisikiliza vizuri, akachukua kalamu, akaifuta "When" ya kwanza na kuandika "If" juu yake. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonikalisha niandike makala haya: "Na hii ya pili mbona waiwacha? Si zote ni '-ki-'?"

Ni kweli, zote ni "-ki-". Kazi yangu ni kuchapa barua na kufasiri hati, katika kijiduka karibu na Mwembe Tayari, na sijui neno la Kiingereza linalowasumbua wateja wangu kuliko haya mawili mafupi, "if" na "when". Wanaokosea si watu wasiojua Kiingereza. Wengi wamesoma, wanakizungumza afisini kutwa. Wanakosea kwa sababu Kiswahili chao ni kizuri, na katika Kiswahili kizuri "akija" ni "akija", basi.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Mtu akisema "when", amekwisha kuamua moyoni kwamba jambo litatokea, na asichokuwa na hakika nacho ni wakati tu. Akisema "if", ameliacha jambo lenyewe wazi: huenda likawa, huenda lisiwe. Dawa ya mtoto iko ndani ya chupa, kijiko asubuhi, kijiko jioni, itakwisha tu. Hiyo ni "when". Homa yaweza kuzidi na yaweza kushuka, na kila mtu anaomba ishuke. Hiyo ni "if". Mzungumzaji wa Kiingereza hawezi kulikwepa chaguo hili. Kabla hajafungua kinywa, lugha yake inamtaka aseme ana hakika kiasi gani.

Kiswahili hakimtaki. "-ki-" inachofanya ni kulifunga jambo moja kwenye jambo jingine, kama kamba ya mashua kwenye gati. Inasema hili la pili linategemea lile la kwanza. Iwapo lile la kwanza litatokea au la, hayo inamwachia msikilizaji ayajue kwa akili yake na kwa hali ilivyo. Ndiyo maana "-ki-" hiyo hiyo tunaitumia mahali ambapo hakuna sharti wala kungojea: "Nilimwona akishuka ngazi za Fort Jesus." Hapo hakuna "if" wala "when", kuna mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Tukisema "mwenzako akinyolewa, zako tia maji", methali haisemi kama mwenzako atanyolewa au la. Inakuweka palepale kinyozini, wembe uko kichwani mwa mwenzako, na wewe unatazama.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mafundi wa mashua: "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Jaribu kuutia Kiingereza. Ukianza na "if you see", utakuwa kama unatia shaka kwamba kuna vyombo baharini. Ukianza na "when you see", utakuwa kama unampangia mtu safari ya kwenda kutazama. Methali haina moja kati ya hayo. Inafunga kuona kwako na jasho la aliyeunda.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba tofauti ya "if" na "when" tunayo sisi pia, na tunaijua kwa masikio tangu utotoni. Haikai ndani ya "-ki-", imekaa jirani yake. Tuna "-takapo-", na tuna "iwapo", "endapo", "kama" na "ikiwa". Basi nilipomjibu yule muuguzi sikumtajia kanuni ya Kiingereza hata moja. Nilimwambia aseme sentensi zake kwa "-takapo-" asikie. "Dawa itakapokwisha, mrudishe mtoto." Sawa kabisa. "Homa itakapozidi, mrudishe mtoto." Akanyamaza, halafu akasema, "Aa, hapo kama namuapiza." Ndiyo. Sasa geuza: "Iwapo homa itazidi" inakaa vizuri, lakini "iwapo dawa itakwisha" inamfanya mtu ajiulize ni chupa gani hiyo isiyokwisha. Sikio lilikuwa na jibu siku zote. Kinachotakiwa ni kusimama kidogo kwenye "-ki-" na kujiuliza: hapa ningeweza kusema "-takapo-", au ningesema "iwapo"? Ikikubali ya kwanza, andika "when". Ikikubali ya pili, andika "if".

Pwani ina mifano ya kumfundishia hata mtoto wa darasa la tatu. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili mbili kwa karibu kila siku, tupende tusipende. "Maji yakijaa tutaondoka" ni "when the tide comes in"; mvuvi akikusikia unasema "if" atadhani bahari imeharibika. Bamvua, yaani maji makuu, ikifika, ni "when". Kusi ikianza kuvuma, kwenye mwezi wa nne hivi, ni "when". Mvua ndiyo yenye mambo. Masika yakikaribia, tunasema "mvua zikianza", na Kiingereza chake ni "when the rains start", maana zinajulikana zaja. Lakini harusi ni Jumamosi ya mwezi wa pili, turubai halitoshi, na bibi harusi ana wasiwasi: "mvua ikinyesha, je?" Hiyo ni "if it rains". Mvua ile ile, "-ki-" ile ile. Kilichobadilika ni hakika aliyonayo msemaji.

Na kuna kufa. Kiswahili kinasema "nikifa" kwa wepesi ambao Kiingereza hakina. "Nikifa, nizikeni Kikowani." Mzee anayeyasema hayo hana shaka na kifo chake, kwa Kiingereza asema "when I die", na wosia wake uandikwe hivyo hivyo. Ukiandika "if I die", umelibadilisha jambo. Sasa huzungumzii tena kifo ambacho kila nafsi itakionja. Umezungumzia kifo cha karibu, cha safari hii, cha upasuaji wa kesho asubuhi. Kijana anayeingia chumba cha upasuaji akamwambia nduguye "nikifa, watazame wanangu" ana "if" moyoni, na namwombea iwe "if" kweli. Nimewahi kuletewa rasimu ya wosia ambamo "if I die" ilirudiwa kila aya. Aliyeifasiri hakuona kosa. Lakini mtu akiusoma huko ng'ambo, angefikiri mzee alikuwa mgonjwa mahututi siku alipouandika, au kwamba wosia ulikuwa wa ugonjwa huo mmoja tu. Aliuandika akiwa mzima, ametoka kuswali alasiri.

Waliosoma chuoni, nikimaanisha chuo cha Kurani kwa mwalimu wa mtaani, wanalo jambo la kuwasaidia ambalo shuleni hawaambiwi. Kiarabu nacho kinatenganisha. Kina "in" kwa jambo lisilo na hakika, kina "idha" kwa jambo linalotarajiwa kuwa, na kina "lau" kwa jambo ambalo limekwisha kupita au haliwezi kuwa. Sura ya 110, ambayo watoto wengi wa Mombasa wanaihifadhi mapema kwa kuwa ni fupi, inaanza "Idha jaa nasrullahi". Neno ni "idha", kwa sababu nusura hiyo ni ahadi. Kiswahili chake ni "itakapokuja", na Kiingereza kinaingia na "when". Kisha tazama neno tunalolisema mara ishirini kwa siku: inshallah. Ndani yake mna "in", yaani "if". Asemaye inshallah hana shaka na uwezo wa Mwenyezi Mungu. Anakiri kwamba kupenda ni kwa Mungu, si kwake yeye. Ukisema "Mungu akipenda", "-ki-" hiyo ni "if", na haijawahi kuwa "when". Mswahili aliyehifadhi sura zake tayari ana "when" moja na "if" moja kifuani, tena zinakaa mbalimbali na hazichanganyiki.

"Lau" tuliichukua nzima kutoka Kiarabu, na kazi yake haikubadilika sana: "lau ningejua". Hapo pamoja na "-nge-" na "-ngali-" hakuna utata wa kujadili. Jambo ambalo halikuwa halina wakati wake, kwa hiyo "when" haiwezi kuingia hata kwa bahati mbaya. "Ningekuwa na nauli" ni "if" siku zote. Upande wa pili, mambo yaliyopita kweli yanachukua "-lipo-", na hiyo ni "when" siku zote: "alipofika", "tulipokuwa watoto". Kwa hiyo fujo yote iko kwenye mambo yajayo na mambo ya kila siku, yaani pale "-ki-" inapotawala.

Wala tusidhani ni Waswahili peke yao duniani wenye neno moja hapa. Wajerumani wanasema "wenn" kwa yote mawili. "Wenn er kommt" ni "akija" yetu, bila kupungua wala kuzidi. Likiwa ni jambo la mara moja lililopita wanabadilisha, wanasema "als", kama sisi tunavyohamia "-lipo-". Hili lanifurahisha kwa sababu ya historia ya mji wetu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 kwa kazi ya misheni, alikuwa wa mwanzo kati ya Wazungu kuandika sarufi ya Kiswahili. Kitabu chake kilichapwa Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake kubwa, yenye Kimvita kingi, yaani Kiswahili cha Mombasa, ikatoka London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Vyote viwili aliviandika kwa Kiingereza. Yaani mtu aliyekaa hapa akikusanya "akija" na "akienda" za watu wa Mombasa alizaliwa katika lugha iliyokaa upande wetu, na kila alipozitia katika Kiingereza ilibidi achague, kama ninavyochagua mimi kila siku Mwembe Tayari.

Kiingereza nacho kina pahali pake pa kuchanganya, tusikipe sifa zisizo zake. "Ask him when he arrives." Maana yake ni "muulize atafika lini", au "akifika, muulize"? Zote mbili. Kwetu "lini" ni "lini", na "akifika" ni "akifika". Na "if" nayo ina kazi ya pili: "ask him if he has arrived" ni "muulize kama amefika", na hapo hamna sharti lolote, ni swali lililofichwa ndani ya sentensi.

Hapo ndipo linapotoka kosa linalorudi zaidi kwenye barua ninazoletewa: "when he will come, I will tell him". Mwandishi ana "atakapokuja" kichwani, ameona "-ta-" ndani yake, akaitafutia "will". Kiingereza hakitaki "will" hapo. Kinasema "when he comes", vilevile "if he comes", na wakati ujao unabebwa na upande wa pili wa sentensi. Lakini mwanafunzi akishaambiwa hivyo, anaifuta "will" kila mahali, na anakosea upya, kwa sababu "I don't know when he will come" ni sahihi. Dawa yake iko kwenye Kiswahili. Ikiwa "when" yako ni "lini", iache "will" ikae. Ikiwa "if" yako ni ile "kama" ya "sijui kama", iache "will" ikae. Ikiwa ni "-ki-" au "-takapo-", iondoe. Nimewafundisha vijana watatu wa mtaani kwa njia hii na hawajakosea tena, na wala sikuwatajia jina hata moja la sarufi.

Adabu nayo inaingia. "Ukipata nafasi, nitazamie barua hii." Ukiandika "if you have time", umemwachia mwenzako mlango wa kukataa bila aibu. Ukiandika "when you have time", umekwisha kumkabidhi kazi, ila umemwambia hakuna haraka. Kwa rafiki, ya pili ni sawa. Kwa mkubwa wako kazini, au mtu usiyemjua, ya kwanza ndiyo yenye heshima. Kijana anayeomba kazi hotelini akiandika "when you employ me" amejipa kazi mwenyewe kabla ya kuitwa. Alichotaka kusema ni "mkiniajiri", kwa unyenyekevu wote ulio ndani ya neno hilo, na unyenyekevu huo ulipotea njiani.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa makamo, buibui lake limefifia mabegani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Sabalkheri mwanangu. Nisomee hii kabla sijatia saini." Ilitoka kwa dalali anayesimamia nyumba anayokaa. Alikuwa na kodi ya miezi mitatu nyuma, na mwanawe ni baharia, yuko melini. Mama alikuwa amemwambia dalali kwa mdomo: "Mwanangu akirudi nitalipa yote." Dalali, mtu wa makaratasi, alikuwa ameiandika ahadi hiyo kwa Kiingereza, na katikati yake kulikuwa na maneno ambayo wanasheria wanayapenda: "if and when my son returns".

Nilimweleza neno kwa neno, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyonilipa. "When" yataka kusema malipo yatakuwa siku atakayorudi, si kabla. "If" yataka kusema huenda asirudi. Yakikaa pamoja, yanamaanisha: hatuna hakika kwamba atarudi, ila akirudi, hapo ndipo deni litakapodaiwa.

Aliisukuma karatasi kando ya meza. "Mwanangu yuarudi. Sitii saini karatasi inayosema labda."

Nilijaribu kumwambia kwamba neno hilo kisheria linamlinda yeye, na dalali hana nia mbaya. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mimi nilisema akirudi. Sikusema zaidi ya hapo." Na alikuwa na haki. "Akirudi" yake ilikuwa imefunga kurudi na kulipa, basi. Haikumtabiria mwanawe jema wala baya. Karatasi ndiyo iliyoongeza shaka ambayo yeye hakuitamka, na mama wa baharia haitamki shaka hiyo hata akiwa peke yake usiku.

Nilimpigia dalali simu mbele yake. Tulizungumza kwa robo saa. Alichokuwa akikitaka kwa kweli ni kujua atafanyaje meli ikichelewa, jambo la kawaida kwenye kazi za melini. Nikamuuliza mama: "Na meli ikichelewa?" Akafikiri. "Meli huchelewa," akasema. "Hilo liandike."

Basi nikachapa sentensi mbili: "When my son returns, I will pay the rent for all three months. If his ship is delayed, I will pay half by the end of December." Nikamfasiria. Akaniomba nimwonyeshe kwa kidole ni lipi "when" na ni lipi "if", na mwanawe yuko kwenye lipi. Nikamwonyesha. Akaweka ncha ya kidole chake juu ya "when", akakiacha hapo kitambo, kisha akachukua kalamu na kutia saini jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia.